Ukuta umelala, fundi anadai chake

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kazi yangu iko Kondoa, lakini nyumba najenga Chanika, Dar es Salaam: vyumba vitatu, sebule, jiko na korido. Nilianza 2020, kidogo kidogo, kwa mkopo wa kazini na pesa za mchezo na walimu wenzangu. Tofali ni za inchi 5, nilinunua mwenyewe kwa mfyatuaji wa jirani. Msimamizi ni mdogo wangu, anaendesha bodaboda, hupita asubuhi na jioni. Fundi wa ukuta tulimlipa kwa hatua: msingi, lenta, kupaua. Sasa nimeleta fundi wa plasta. Kaweka pima maji, akasema ukuta wa nje wa sebule, wenye urefu wa mita 5, umelala kwa nje sentimita 4, na ukuta wa korido, mita 6, una tumbo la sentimita 3. Kwa hizo kuta mbili anataka niongeze mifuko 28 ya saruji, na mfuko hapa ni shilingi 16,500. Fundi wa kwanza bado ananidai 640,000. Nilipomwambia sitamlipa mpaka ukuta unyooke, alinijibu kwamba plasta ndiyo inayonyoosha ukuta. Juzi katuma ujumbe kuwa atakuja kung'oa fremu za milango. Sipati usingizi. Naogopa nyumba itawaangukia wanangu, naogopa kudhulumiwa, na pia sipendi kula jasho la mtu. Nifanyeje?
*Mwalimu, Kondoa*

JIBU: Marahaba, mwalimu wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonigusa ni yale maneno ya mwisho. Wengi wanaoniandikia huwa wameshaamua kuwa fundi ni mwizi, wanataka niwaunge mkono tu. Wewe bado unatafuta haki, na haki ya ukuta hupatikana kwa kuupima. Kwa hiyo usimlipe mtu wala usimnyime mtu kwanza. Pima.

Usiitegemee pima maji ya fundi wa plasta peke yake. Ile fupi ya futi 2 ikiegemea tofali lililochomoza inakudanganya, na nyingi zimeshaangushwa kwenye zege mpaka kiputo cha hewa kilicho ndani yake hakisemi kweli tena. Kuijaribu ni rahisi: iegemeze ukutani ikiwa wima, tazama kiputo kimekaa wapi, kisha igeuze ili ubavu uliokuwa nje ndio uguse ukuta pale pale. Kiputo kikikaa pengine, hiyo pima maji haifai kumhukumia mtu.

Mdogo wako atengeneze timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni. Aliyenifundisha kazi alikuwa mjomba wangu, na timazi yake ilikuwa boliti ya lori iliyofungwa uzi wa kushonea viatu. Sijaona chombo kinachosema kweli kuliko kile. Apige msumari mrefu juu ya ukuta wa sebule kwa ndani, aufunge uzi kwenye huo msumari sentimita 10 kamili kutoka ukutani, aache boliti ining'inie karibu na sakafu. Upepo ukiusumbua uzi, aitumbukize boliti kwenye ndoo ya maji, itatulia. Kisha apime kutoka kwenye uzi hadi ukutani juu, katikati na chini. Kama juu ni 10 na chini ni 6, ukuta umelala kwa nje sentimita 4, kweli kabisa. Kama juu na chini ni 10 na katikati ni 7, haujalala, una tumbo. Arudie kila baada ya mita moja. Ukuta wa mita 5 utakupa sehemu sita, kila sehemu namba tatu, jumla namba 18. Aziandike kwenye daftari, na kila anapopima apige picha futi ya kupimia ionekane.

Nasisitiza hizo namba kwa sababu ukuta uliolala na ukuta wenye tumbo ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili. Tumbo kwa kawaida ni la macho na la mfuko. Huja kwa kamba iliyolegea, au tofali zisizolingana, au fundi kupandisha kozi (mistari ya tofali) nyingi siku moja kabla za chini hazijashika. Tumbo la sentimita 3 kwenye ukuta wa ndani wa korido linachukiza, linakula plasta, ila halimwangushii mtu nyumba.

Kulala ndiko kunakotaka umakini. Tofali lako la inchi 5 lina unene wa sentimita 12 na nusu. Ili ukuta usimame wenyewe bila kuvutwa upande mmoja, uzito wake unatakiwa uangukie ndani ya theluthi ya kati ya unene huo, yaani sentimita 2 hivi kila upande kutoka katikati. Ukuta uliolala sentimita 4 juu, uzito wake kwa wastani umesogea sentimita 2. Maana yake ukuta wako umefika ukingoni. Kama ungekuwa ukuta wa uzio, umesimama peke yake, ningekwambia uubomoe leo. Lakini wa sebule hausimami peke yake: umeshikwa na kuta zinazokatiza kwenye kona, na juu umefungwa na lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

Basi nenda kwenye zile kona mbili kabla hazijapigwa plasta, maana zikishafunikwa hutaziona tena. Tazama kama tofali zimeumana, yaani kozi moja tofali la ukuta huu limeingia kwenye ukuta ule, na kozi inayofuata la ukuta ule limeingia huku. Kama badala yake unaona mstari mmoja wa saruji ulionyooka kutoka chini hadi juu, kuta zimegusana tu, hazijashikana. Tazama pia kama lenta imezunguka nyumba nzima bila kukatika, na kama kuna ufa wowote pembeni mwa dirisha au chini ya lenta. Kona zimeumana, lenta imezunguka, hakuna ufa, na kulala hakuzidi hizo sentimita 4: ukuta wako utakaa. Kimoja kikikosekana, usiniulize mimi wala fundi yeyote. Mlipe mhandisi aliyesajiliwa aje asimame mbele ya huo ukuta. Pengine atakwambia uongeze nguzo, pengine kipande kibomolewe na kujengwa upya huku kenchi za paa zimeegemezwa na miti. Gharama hiyo inauma, lakini umesema kuna watoto.

Nikuambie kilichonipata. Mwaka 1998, mvua za El Niño zilikuwa zimetukalisha wiki nzima bila kazi. Siku jua lilipotoka nikapandisha kozi saba mfululizo, kufidia. Asubuhi yake mjomba alishusha boliti, akatazama, hakusema neno. Akaanza kutoa tofali moja moja kwa mkono, kozi nne, saruji bado mbichi, akazipanga chini na kuzisugua. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale na hakuelewa kinachoendelea. Mjomba akamwambia, "Hii ya leo haulipi." Nilikuwa na njaa ya pesa siku ile, nikaona kanionea. Baadaye nimejenga nyumba nyingi na sijawahi kupandisha zaidi ya kozi nne au tano kwa siku. Ninachotaka ujue ni kwamba kosa hili huonekana asubuhi ya pili, na siku hiyo kulisahihisha hakugharimu chochote. Fundi wako alipita kozi ya tisa, akafunga lenta, akapandisha juu ya lenta, akapaua. Kila siku alikuwa na nafasi ya kushusha uzi. Neno lake kwamba plasta inanyoosha ukuta silikubali. Plasta ya ndani kazi yake ni sentimita moja na nusu hivi. Inaficha maungio, hainyooshi ukuta uliolala.

Sasa nimtazame na fundi wa plasta, kwa sababu mifuko 28 imenishtua. Piga hesabu nami, mwalimu. Kuta zote mbili zina mita 11 kwa urefu, na kwenda juu nakisia mita 3, hivyo eneo ni mita 33 za mraba. Ukuta uliolala sentimita 4 haudai sentimita 4 kila mahali. Pengo lake ni kama kabari, upande mmoja sifuri na upande wa pili 4, kwa hiyo wastani ni 2. Kwenye tumbo nako tuseme 2, ingawa ni ukarimu. Mita 33 mara sentimita 2 ni mita za ujazo 0.66. Mchanga na saruji vikiwa vikavu hujaa zaidi kuliko vikishachanganywa na maji, kwa hiyo ongeza theluthi hivi, utapata kama 0.86. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tano, saruji ni sehemu moja ya sita: 0.143. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Gawanya, unapata mifuko 4 na kidogo. Weka 5, kwa ajili ya inayomwagika. Mifuko 5, mwalimu, siyo 28. Huenda amejumlisha na plasta ya kawaida ya nyumba nzima. Mwombe akuandikie hesabu yake chumba kwa chumba. Akikataa, tafuta mwingine.

Na usikubali aijaze hiyo tofauti kwa mkupuo mmoja. Ukuta wako umelala kwa nje, maana yake kwa ndani plasta nene itakuwa juu, karibu na dari, mahali ambapo ikibanduka inamwangukia mtu kichwani. Anyunyize ukuta maji, arushie kwanza saruji nyepesi kwa mwiko ili pawe na makwaruzo, kisha tabaka la sentimita moja, alikwaruze likiwa bichi, aliache likauke siku moja au mbili akilimwagilia, ndipo la pili. Palipozidi sentimita 3 apigilie wavu wa waya kwenye tofali kwanza. Halafu kuna shauri moja ambalo mafundi wengi hawalitoi: si lazima uunyooshe wote. Jicho la mgeni halioni sentimita 1 na nusu katika mita 3, isipokuwa karibu na fremu ya mlango au kabati refu. Mwambie arudishe sentimita 2 na nusu, nyingine ziachwe. Kwa nje afuate ukuta ulivyo.

Kabla hujamkata fundi wa kwanza hata senti, kuna jambo moja la haki kwake. Tofali ulinunua wewe. Chukua tofali kumi zilizobaki, pima unene wa kila moja. Kama zote ni kati ya 12.4 na 12.7, kosa ni la mkono wake. Kama moja ina 12 na nyingine ina 13.2, kalibu ya kufyatulia tofali imechakaa, na ukuta wa tofali moja moja una uso mmoja tu unaoweza kunyooka, ule uliovutiwa kamba. Upande wa pili unapokea makosa yote ya tofali. Hapo tumbo la korido mgawane nusu kwa nusu, kwa sababu na yeye alitakiwa akwambie tofali hizi ni mbovu kabla hajaanza. Kulala kwa sebule kunabaki kwake; tofali nene haliulazi ukuta kama uzi unashushwa kila kozi.

Mdogo wako usimgombeze. Anayepita asubuhi na jioni anauona ukuta umeongezeka, hauoni umelala. Lakini kila hatua alilipa bila kupima, na fundi atalitaja hilo. Lina uzito kidogo.

Sasa kikao. Ita watu wanne: fundi wa ukuta, mdogo wako, fundi wa tatu asiyemjua yeyote kati yenu, na mjumbe wenu wa shina au mwenyekiti wa mtaa. Usimwite fundi wa plasta, yeye ana maslahi. Shusheni timazi mbele ya wote, namba zisomwe kwa sauti, ziandikwe, kila mtu atie sahihi. Nimeona vikao vingi vya aina hii. Fundi huingia na hasira, lakini akishika uzi kwa mkono wake mwenyewe na kuona 6 pale palipotakiwa kuwa 10, sauti inashuka. Hakuna mwashi asiyeijua timazi.

Kisha wekeni gharama ya marekebisho peke yake. Saruji mifuko 5 ni 82,500. Mchanga tuseme 40,000, wavu na misumari 60,000. Kazi ya ziada siku tatu, fundi 30,000 na saidia fundi 15,000 kwa siku, ni 135,000. Jumla 317,500. Bei za huko Chanika mtazirekebisha wenyewe. Toa kwenye 640,000, anabaki na 322,500, na hizo mlipe siku hiyo hiyo, kwa simu, ujumbe wa muamala ubaki. Usimshikilie pesa zote. Kushikilia 640,000 kwa kosa la 317,500 ndiko kunakomfanya aandike habari za kung'oa fremu.

Tishio lenyewe lisiachwe hivi hivi. Lipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa liandikwe, na ujumbe usiufute. Akija kweli kung'oa, hiyo ni jinai, na polisi ndiyo mahali pake. Ila deni na ukuta uliolala si kesi ya polisi. Ukimkamatisha kwa ajili ya ukuta, umeharibu shauri lako. Kikao kikishindikana, mlango uliobaki ni Mahakama ya Mwanzo. Usiogope kwamba hamkuandikiana. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo ni mkataba pia, kinachotakiwa ni kuyathibitisha, na jumbe za simu zinatambuliwa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Mahakama hutazama pia aliyedai alifanya nini kupunguza hasara yake, ndiyo maana nataka ubaki na daftari la namba 18. Kuhusu Bodi ya Usajili wa Makandarasi, hiyo ni kwa waliosajiliwa. Kwa fundi wa mtaani, mtaa ndio utakaokusaidia.

Niandikie tena ukishaona zile kona. Hilo la kona ndilo ninalolisubiri kuliko yote.

SWALI: Kaka, fundi wa vigae anasema chumba changu cha kulala hakiko mraba. Kipande cha mwisho ukutani kinaanza na sentimita 20 kinaishia 14. Nimkate pesa?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usimkate, ndugu yangu. Kigae kimekuonyesha kosa lililofanywa siku ya kuchimba msingi, yeye hayupo. Hakikisha hivi: kutoka kwenye kona pima mita 3 ukuta mmoja, mita 4 ukuta wa pili, weka alama. Kati ya alama na alama lazima iwe mita 5. Ikizidi au ikipungua, kona si mraba. Vigingi na kamba za msingi zingepimwa hivyo kabla ya jembe la kwanza, kazi ya robo saa, leo usingeniandikia.

Chumba hakigeuki tena. Mwombe fundi aanzie vigae vizima kwenye ukuta wa mlangoni, unaoonekana mtu akiingia, na vile vinavyopungua avipeleke upande wa kichwa cha kitanda. Kitanda na kabati vitavifunika. Mlipe chake chote, na muongeze kidogo kwa kukwambia kabla hajapandisha.

SWALI: Mzee wangu shikamoo. Nimepata fundi mzuri, kazi zake nimeziona. Anataka asilimia 60 kabla ya kuanza kwa sababu ana wasaidizi wa kulisha. Nimpe?
*Kijana, Mkuranga*

JIBU: Marahaba. Usimpe 60, lakini wasaidizi ni kweli wanakula, hilo usilidharau. Mpe pesa ya chakula kila Jumamosi, iandikwe kama sehemu ya malipo. Nyingine gawa kwa kozi: kozi tatu, timazi inashuka, namba zinaandikwa, pesa inatoka, kozi sita, hivyo hivyo, kozi tisa kabla ya kusuka nondo za lenta, hapo uwepo mwenyewe hata kama itabidi uombe ruhusa kazini. Mimi kwa nyumba ya kawaida nakubali sentimita 1 kutoka sakafuni hadi juu ya ukuta. Ikizidi, zinatolewa tofali kesho yake asubuhi, kwa gharama yake, na saruji iliyopotea ni yake. Mwambie hilo siku ya kwanza, mbele ya wasaidizi wake, kabla hujampa hata nauli. Sehemu moja ya kumi ibaki mpaka plasta imalizike.

Andikeni kwenye daftari la shule mara mbili, moja lako moja lake: unene wa tofali, nani ananunua, kozi ngapi kwa siku, sentimita ngapi zinakubalika. Fundi mzuri atatia sahihi na kukuuliza timazi ni ya nani, yako au yake. Nunua yako.